Nondo za Ghorofa ya Watoto

Paa la jengo letu pale Runzewe lilianza kuvuja marehemu mume wangu akiwa bado hai, wala hakujali. Kwake lile halikuwa paa, lilikuwa sakafu. Alimwaga zege juu ya fremu sita za maduka na vyumba vyetu viwili vya nyuma, akaacha nondo zimechomoza juu ya kila nguzo, kama wajengaji wote wa huku wanavyoziacha, ili siku ya kupandisha ghorofa nguzo mpya ziungwe hapo. Ghorofa hiyo ilikuwa ya watoto wetu watatu. Alishaichora kwa chaki juu ya zege: kifungua mimba na sebule yake upande wa barabarani, binti katikati, kitindamimba nyuma karibu na tangi.

Alipofariki, watoto walikuwa wameshatawanyika, kila mmoja na mkoa wake. Chaki ilifutika na mvua ya kwanza. Nondo zikabaki, nami nikabaki nazo.

Nilipaka lami, ikapasuka. Nikapiga lipu ya saruji ya kuzuia maji, yakapita vilevile. Mwaka jana mpangaji wangu wa duka la dawa, mwanamke mpole asiyejua kugomba, alinigongea mlango asubuhi.

"Shikamoo, mama. Mvua za mwaka huu dawa zikilowa tena, mimi nahama."

"Marahaba. Nimekusikia, mwanangu."

Ndipo nikaanza kutafuta plastiki. Jirani mwenye mabwawa ya kuchenjulia dhahabu kule Nyarugusu alinipa ofa ya lile karatasi zito jeusi wanalotandika chini ya mabwawa. Alikuwa na vipande vilivyokwisha kutumika. Nikamwambia maji ya paa langu nayakinga na kuyanywa, sasa anataka kuninywesha dawa za dhahabu? Alicheka, mimi sikucheka.

Fundi mmoja kutoka Mwanza akaniletea sampuli tatu: jeusi jipya, jembamba la kijivu, na utando mweupe wenye nyuzi katikati, ambao maungio yake huyeyushwa kwa mashine ya upepo wa moto yakashikana. Alitaka nichague siku hiyohiyo. Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote na sijawahi kutoa maksi kabla ya mtihani. Nikavikunja vipande vyote, nikavitandika juu ya zege, nikaviwekea mawe, nikamwambia arudi baada ya mwezi.

Nikiri kwamba mwezi ule ulinifurahisha. Nilikuwa na sababu ya kupanda ngazi kila adhuhuri. Jeusi lilinichoma kiganja. La kijivu lilianza kupasuka pale nilipolikunja. Jeupe lilikuwa vuguvugu tu, na ukilivuta halitanuki ovyo. Nilikuwa naviuliza kwa sauti, "Mmeshindaje leo?" Sina mwingine wa kumuuliza hivyo mchana, na wapangaji wana wateja wao.

Fundi aliporudi nikamwambia nachukua jeupe. Akazunguka paa lote, akasimama mbele ya nondo.

"Mayu," akasema, maana ni Msukuma na mama kwao ni mayu, "hizi tunazikata?"

"Zungushia hapohapo. Toboa, upitishe."

"Nikitoboa nitakuwa nimekuuzia chujio. Kila nondo ni tundu. Hata sasa maji yanapita hapohapo, tazama kutu ilivyoshuka na nguzo. Tukizikata na kuziba, paa litakaa miaka. Lakini ghorofa ndiyo basi."

Nilimkasirikia kana kwamba yeye ndiye aliyeleta mvua. Nikamwambia asiguse kitu, nikashuka chini kumpigia kifungua mimba wangu. Nilitaka anikataze, huo ndio ukweli. Nilishapanga hata maneno yake: Mama, subiri, usikate, nakuja tuzungumze. Angesema hivyo, ningemrudisha fundi Mwanza na mashine yake, nikaweka mabeseni mpaka nizeeke.

Aliniamkia vizuri, akauliza hali ya mguu wangu. Nikamweleza paa, utando, fundi anavyosema. Nikamaliza kwa kumuuliza, "Sasa zile nondo zenu nizikate?"

Hakunyamaza hata kidogo.

"Nondo? Kwani bado zipo, mama?"

Nikasema zipo.

"We kata tu. Usije ukajikwaa bure."

Sikumlaumu, na sikuwapigia wale wengine wawili. Hakuwa amesema neno baya; alikuwa ananionea huruma mguu. Nilimuaga nikapanda ngazi tena, nikamwambia fundi akate. Akauliza aanzie wapi, nikamwonyesha upande wa barabarani. Mashine ya kukatia ikalia, cheche zikaruka, nondo ya kwanza ikaanguka kwenye zege.

"Mayu, sogea, utaungua," fundi akapaza sauti.

Sikusogea. Nilikuwa nimesimama sebuleni kwa mwanangu, na nilitaka kukaa humo kidogo kabla haijafungwa.