Suti Machimboni

Juzi, katika studio ya picha pale Wote, ajuza mmoja alitoa picha kuukuu ya machimbo ya kale ya mawe. Wachimbaji walionekana wadogo kama mchwa. Akamgusa mmoja kwa ukucha: "Huyu ndiye mzee wangu. Sina picha yake ingine."

Fundi akamkuza. Uso ukabaki ukungu mtupu, lakini akamvisha suti na tai kwa kompyuta, kama wanavyovishwa marehemu wote wa huku pichani.

"Susu," fundi akamwita bibi huyo kwa Kikamba, "hii nyundo aliyoshika nitoe?"

"Wee! Ukitoa nyundo nitamjuaje? Hiyo suti ni ya wageni!"

Alicheka hadi akashika meza, nasi foleni nzima tukamfuata.

Kuta za sebule zetu zimejaa wakurugenzi ambao hawakuwahi kuwa na ofisi. Hatimaye mmoja ametundikwa pamoja na kazi yake.