Baridi ya Ochieng, Joto la Wycliffe

Nakumbuka alasiri moja akina mama wa kanisa letu walipoingia kwa Mama Wycliffe na kilo ya sukari, majani ya chai na nyuso za matanga, na hakuna mtu aliyekuwa amekufa. Keti hapo, mwanangu, sogeza kikombe chako. Juzi ulisema rafiki yako ni mwongo kwa sababu habari zake hazifanani na za mwenzake aliyeenda mahali palepale. Ngoja nikueleze.

Ilikuwa miaka ya tisini, tukiishi Soweto West, huko Kibera. Mimi nilikuwa msichana wa mitumba, nikiuza masweta kando ya reli pale Laini Saba. Mama Wycliffe alikuwa jirani yangu, ukuta wa bati tu kati yetu, na kazi yake ilikuwa kufua nguo katika nyumba za watu mtaa wa Ayany. Mwanawe alipata nafasi ya kusoma Amerika, na kanisa zima likamchangia nauli. Mwaka uleule kijana mwingine wetu, Ochieng, ambaye mamake alikuwa amehamia Kawangware lakini bado anasali nasi, naye akaenda Amerika. Tulijivuna, usiniulize kiasi gani.

Baada ya Krismasi zikaja picha. Ochieng amesimama kwenye barafu ya kufika magotini, amejifunga koti, kofia na skafu mpaka yamebaki macho tu. Wycliffe naye amesimama chini ya mnazi. Amevaa shati la mikono mifupi, mnazi umezungushiwa taa za Krismasi, na nyuma yake wazungu wanapita na kaptula.

Picha zilizunguka mikononi mwa watu, na mtu mmoja, simjui hata leo, akasema, "Lakini hapa si Mombasa?"

Basi, ikawa hiyo. Sote tulijua Amerika ni baridi, Ochieng alikuwa ametuonyesha. Sasa huyu Wycliffe yuko Amerika gani ya kutoa jasho Krismasi? Ikasemwa alikataliwa uwanja wa ndege, akaona aibu kurudi nyumbani, akateremkia pwani kufanya kazi hotelini. Na ukifikiria vizuri, tuliamini picha ambayo sura haionekani, tukaikataa ile ambayo meno ya kijana yanaonekana yote. Nikifika hapo huwa nacheka, halafu nakasirika.

Hivyo ndivyo sukari ilivyofika. Kwetu huendi kumpa mtu pole mikono mitupu. Wakaketi, wakaomba, wakaimba wimbo wa kufariji, na hakuna aliyesema wanafariji nini. Mama Wycliffe akawapikia chai kwa sukari yake mwenyewe, huku akinitupia macho. Walipotoka akaniuliza, "Nekesa, ni nani amekufa?"

"Hakuna mtu, mama."

"Sasa hii pole ni ya nini?"

Nikamwambia, maana kuta zetu hazikuficha neno na angesikia tu. Hakulia. Aliichukua picha, akaitazama muda mrefu, akaniuliza kama mnazi unaweza kumea kwenye barafu. Nikasema sijui. Na kweli sikujua.

Siku moja Wycliffe alipiga simu kwenye nyumba ya Ayany ambako mama yake alikuwa akifua. Mama akamwuliza, "Huko kuna baridi?" Akajibiwa, "Hakuna, mama. Ni joto tu." Akauliza tena, "Na uko Amerika kweli?" Kijana akacheka, akadhani anataniwa, na laini ikakatika.

Kicheko kile kilimwumiza kuliko picha. Asubuhi alimwamini mwanawe, jioni hakumwamini. Ukimwambia Wycliffe si mtoto wa uongo, anakubali, kisha baada ya kitambo anasema, "Lakini mbona joto?" Nami kichwa kilikuwa kimevurugika vilevile. Leo niko upande wa Wycliffe, kesho niko upande wa barafu.

Ilipofika Julai akaniambia, "Nisindikize Mombasa. Nikimpata nitamrudisha nyumbani. Sitamgombeza."

Julai ya Nairobi unaijua. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umefunika mabati yote, tukiongea mvuke unatoka midomoni. Nilimpa sweta nene kutoka kwenye belo langu la mitumba, nami nikavaa yangu. Tulipanda basi tumejikunyata. Kufika Mtito Andei nikafungua vifungo. Voi nikavua. Mariakani Mama Wycliffe naye akavua, akaipakata sweta mapajani. Tulipoteremka Mwembe Tayari, Mombasa, jasho lilikuwa linatutiririka mgongoni, na watu wakitutazama na masweta yetu wakitabasamu.

Nikamwuliza tuanze kutafuta wapi. Alisimama akiitazama ile sweta mkononi.

"Nekesa, leo asubuhi tulikuwa wapi?"

"Kibera, mama."

"Tulikuwa tunatetemeka?"

"Tulitetemeka."

"Na hapa bado ni Kenya?"

"Ni Kenya."

Akaketi juu ya mzigo wake, akalia kile kilio ambacho hakulia siku ya sukari. "Mtoto aliniambia ni joto," akasema. "Aliniambia kwa mdomo wake. Nami nimepanda basi kuja kumtafuta mahali ambapo hajawahi kukanyaga."

Tulilala kwa binamu yangu huko Changamwe, na kesho yake tukarudi bila kumwonyesha mtu yeyote ile picha. Kufika Athi River akavaa sweta yake.

Jumapili aliibeba ile kilo ya sukari, haijafunguliwa, akamwekea kiongozi wa akina mama mapajani. "Hii ni ya msiba," akasema, "na kwangu hakuna msiba. Amerika ni kubwa. Nayo ina Mombasa yake." Aliyeinuka kwanza kumkumbatia alikuwa mamake Ochieng.

Wycliffe alirudi kututembelea miaka kadhaa baadaye. Ndipo tulipojua alikuwa kusini kabisa, Florida, na Ochieng kaskazini kabisa, Minnesota. Mwezi mmoja, nchi moja, huyu anachimbua barafu mlangoni apate kutoka, na yule anatafuta kivuli. Tulipokuwa tukila akamwambia mama yake, "Ninakokaa kunafanana na Mombasa. Wewe umewahi kufika Mombasa, mama?"

Mama Wycliffe akanitazama. "Nilifika mara moja," akasema. "Nilienda kutembea tu." Kisha akamwongezea mboga, akamwongezea tena, mpaka kijana akasema inatosha.

Kwa hivyo, mwanangu, wawili wakikuletea habari zisizofanana, usikimbilie kumwita mmoja mwongo. Uliza kwanza, wewe ulikuwa upande gani? Swali dogo hivyo, na kanisani kwetu halikumjia hata mmoja. Na ukikosa kuelewa, kosa tu kuelewa, si dhambi. Mimi yako mengi yanayonichanganya mpaka leo. Ila usimbebee sukari ya matanga mtu ambaye mtoto wake yu hai. Maliza chai, uende kwa rafiki yako kabla giza halijaingia.

Mungu akupe moto ukiwa penye baridi, na kivuli ukiwa penye jua. Na popote utakapofika, ukisema huku niliko ni hivi, awepo nyumbani mtu wa kukuamini.