Mkata Tiketi na Filamu ya Mzimu

Mkata tiketi wa sinema yetu hapa Tirunelveli hutazama kila filamu akiwa amesimama, bega kwenye mlango, vidole vikisokota vipande vya tiketi hadi viwe kama punje za mchele. Mimi huuza karanga pale nje, kwa hiyo nasikia watu wakimwuliza. Mwezi uliopita ilikuja filamu ya mke aliyekufa akamrudia mumewe akiwa mzimu. “Kaka, ikoje?” aliuliza Selvarani, fundi cherehani wa jirani. Akajibu taratibu, uzuri kwanza. “Inachekesha, na mzimu unatisha kweli. Ila baada ya mapumziko nyimbo zimezidi, na yule mganga anapiga watu ishirini bila kutoka jasho.” “Na pale mke anapompikia mumewe rasam?” “Pale sijui,” akasema.

Alisema kweli. Kila mzimu ulipoanza kutwanga pilipili manga ya ule mchuzi wa rasam, yeye alitoka, akanunua karanga kwangu, akasimama akiukodolea macho ukuta bila kuzila. Selvarani alipoitazama, alitoka macho yamemvimba kwa kulia. “Kaka, pale ndipo penye filamu yenyewe.” “Ndivyo wanavyosema.”

Siku ya mwisho ya filamu hiyo, mchana, kinu kilipoanza kusikika mkata tiketi alifika mlangoni, akasita, kisha akarudi ndani. Alipotoka nilimwuliza ameionaje. “Wamepatia,” akasema. “Ila yule mwigizaji amepakua bila kuonja. Marehemu mke wangu hakuwahi kupakua bila kuonja.”