Gamba la Chaza Kwenye Bakuli la Ndimu

Mdogo wangu wa kike aliolewa upande wa Pangani, na kazi yake ilikuwa kuokota chaza. Nasema ilikuwa, na nimesita sana kuandika hivyo, maana sina haki ya kummalizia mtu kazi yake kwa kalamu yangu. Lakini mwenyewe anasema imekwisha. Basi liwe hivyo.

Tulizaliwa watatu. Kaka yetu ndiye mkubwa, yuko kwetu Mazingara, anachoma mkaa. Mimi nafuata, niko Old Korogwe, nauza chai na vitumbua karibu na mto, na mkaa wa jiko langu unatoka kwa kaka. Shule niliishia darasa la saba. Mambo ya kitaalamu nitakayoyataja hapa niliyasikia kwa mdogo wangu, naye aliyasikia kwenye mkutano kijijini kwao. Kama kuna mahali yamepinda, yamepindia njiani.

Kila mwaka mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo, tunakutana Mazingara kufyeka makaburi ya wazee. Mdogo wangu alikuwa anakuja na chaza waliokaushwa kwa chumvi, na mfuko wa magamba yao. Magamba ni ya kaburi la bibi. Bibi alitoka pwani akaolewa huku kwa Wazigua, na kabla hajafa aliomba asizungushiwe mawe, azungushiwe vitu vya kwao. Kwa hiyo kila mwaka tunatoa magamba yaliyopasuka, tunapanga mapya. Yale ya zamani yalikuwa mazito kama vigae. Unaweza kuyakanyaga, yasivunjike.

Mwaka jana alikuja na mfuko mdogo. Tulipoumimina pale kaburini, nusu ilikuwa imevunjikavunjika humo humo ndani.

"Bibi kakuomba magamba, wewe umemletea maganda ya mayai," kaka akamtania.

Mdogo wangu hakucheka. Tuliporudi nyumbani akaomba bakuli na ndimu. Akakamua ndimu, akatumbukiza gamba moja, akatuita tutazame. Gamba likaanza kutoa vipovu vidogo vidogo, kama soda.

"Ndivyo mtaalamu alivyotuonyesha," akasema. "Moshi wa magari, wa viwanda, wa mkaa, kuna hewa yake inapanda juu. Nyingine inamezwa na bahari. Maji yanaingia tindikali, na chaza anakosa cha kujengea nyumba yake."

Kaka aliinamia bakuli. "Kwani bahari yenu mmeikamulia ndimu?"

"Ndimu ni ya kutuonyesha tu, kaka. Baharini inakwenda polepole."

"Na moshi wangu mimi, wa tanuri la Mazingara, ulipanda basi gani mpaka Pangani?"

"Ulipanda basi moja na moshi wa wenzako."

Hapo nilicheka, na kaka alicheka pia. Natamani tungeishia hapo.

Lakini mdogo wangu alikuwa na ombi. Hakumwambia kaka aache mkaa, hilo nalishuhudia. Alimwomba asing'oe visiki. Baba yetu naye alichoma mkaa, na mtindo wake ulikuwa kukata mti usawa wa goti na kuondoka, kisiki kichipue, na pale harudi mpaka miti iwe mikubwa tena. Siku hizi miti ya karibu imekwisha, na watu wanachimba visiki pamoja na mizizi, maana navyo vinatoa mkaa, tena mzito. Mdogo wangu alisema mti unaochipua unairudisha ile hewa chini, ila kisiki kikishang'olewa hakuna cha kuirudisha.

Kaka aliweka kikombe chini. "Mahindi yamenikaukia shambani misimu miwili. Mvua inakuja wiki moja inakimbia. Visiki ndivyo vilivyobaki. Unataka nile nini? Gamba?"

"Na mimi nile nini, kaka?"

 Kesho yake mdogo wangu aliondoka bila kumuaga kaka, na mfuko wake mtupu aliusahau kwenye msumari wa mlango.

Nimejaribu sana kuwapima wote wawili kwa haki. Kaka hakukosea kusema tanuri lake ni dogo. Wapo watu mbali huko, wenye magari na viwanda, ambao moshi wao wa siku moja hatuwezi kuufikia sisi wa Mazingara wote kwa maisha yetu. Na mdogo wangu mwenyewe anakubali kwamba waokotaji wameongezeka, na maji ya bahari yamekuwa ya moto kuliko zamani. Si tindikali peke yake. Halafu hiyo mvua iliyomkimbia kaka, wanasema inatokana na moshi huohuo. Kwa hiyo wale wawili walikuwa wanagombana, kumbe wote wamepigwa na fimbo moja. Sikuliona hilo siku ile. Huenda hata sasa naliona vibaya.

Mimi nilinunua jiko la udongo linalobana moto, mkaa unadumu. Ni kitu kidogo. Gesi nimeifikiria, bado sijaiweza.

Mwaka huu mdogo wangu alikuja Mazingara mapema, na hakuja na magamba. Alikuja na godoro na masufuria. Kwenye miamba aliyokuwa akiokotea, alisema, unazunguka kutwa nzima na chaza unaowapata hawajazi kikombe. Mumewe amekwenda Tanga mjini kutafuta kibarua. Yeye amerudi kwetu kulima.

Alilima. Mahindi yalifika magotini, mvua ikakata.

Shaabani ilipofika nikaenda Mazingara. Kaka hakuwa nyumbani, nikaambiwa yuko kwenye tanuri, maana likishawashwa haliachwi, udongo ukipasuka mahali moto unakula kila kitu, unakuta majivu. Nikaenda porini. Kwa mbali niliona watu wawili kwenye moshi, nikadhani kaka ameajiri mtu. Yule wa pili alikuwa na koleo, anaziba nyufa kwa udongo, kanga imefungwa puani. Alipoishusha aniamkie ndipo nikamjua.

"Shikamoo dada."

Nikaitikia marahaba. Alinipa mkono. Makovu yake ya magamba bado yapo kwenye vidole, ila sasa yamejaa weusi.

Niliogopa kaka asije akatania. Hakutania. Alisema tu, "Mdogo wangu, hamia upande huu. Moshi unakufuata."

Kisha akanigeukia mimi. "Huyu mdogo wako ananiharibia kazi. Visiki hataki niviguse."

Ni kweli. Nilionyeshwa visiki vilivyochipua, machipukizi yamefika kiunoni mwangu. Na ili nisidanganye, niliona pia mashimo, mengi, mengine ya watu na mengine ya kaka mwenyewe ya miaka ya nyuma.

Makaburini tulifyeka sote watatu. Magamba yaliyopasuka tuliyatoa, na upande mmoja wa bibi ukabaki wazi. Kaka akauliza kama azibe kwa mawe.

"Bibi alikataa mawe," mdogo wangu akasema.

Tukauacha wazi.

Nilirudi Old Korogwe na gunia moja la mkaa. Asubuhi nilipokuwa nawasha jiko nikakuta kipande cha mkaa ambacho bado kina umbo la tawi, hata mahali pa jani panaonekana. Nikakiweka pembeni kwenye kibao. Nikawa nakiangalia. Wateja wakafika, wakanisalimia, mmoja akasema, "Mama, leo chai inachelewa."

Nikakichukua nikakitia jikoni.