Ukuta Mweusi wa Yaya

Mimi si mtu wa kuchukizwa haraka. Nilikulia Butembo, bondeni, karibu na mto Kimemi, pale maji yanapopita na kila kitu ambacho mji umekikataa: matumbo ya mbuzi, chupa, viatu, na siku za mvua hata vile visivyotajwa. Tulifua nguo humo na kucheka. Kwa hiyo nikisema kwamba nyumba ya yaya yangu kule Ubelgiji ilinitapisha, mniamini.

Yaya, ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa, alikuwa ameishi huko miaka tisa. Alimfuata mume, mume akamwacha na watoto wawili, naye akabaki akifanya usafi katika nyumba za watu. Mama alitumiwa picha: yaya amekaa kwenye kiti cha ngozi nyeupe, nyuma yake dirisha kubwa na maua. Mama aliitundika picha moja sebuleni, kando ya Bikira Maria, na wageni wakawa wanazitazama zote mbili kwa heshima ileile.

Kisha yaya akapasuliwa goti, akaniita nimsaidie watoto. Mimi ni mshonaji, sina mume, na cherehani inaweza kungoja. Nilivuka mpaka pale Kasindi, nikapanda ndege Entebbe, nikafika katikati ya baridi yao.

Mlango wake ulikuwa chini ya barabara. Ulishuka ngazi sita, ukainama, ukaingia. Dirisha moja lilikuwa juu kabisa, karibu na dari, na ndani yake niliona viatu vya watu wakipita. Siku ya pili mbwa alisimama pale, akainua mguu, akakojolea kioo huku sisi tunakula.

Lakini kilichonipokea kwanza ni harufu. Kama soksi iliyosahauliwa kwenye ndoo ya maji. Nilidhani ni choo. Yaya, kwa magongo yake, akanionyesha pa kulala. Nilipovuta kitanda cha watoto ili nipange sanduku langu, nikauona ukuta. Ulikuwa mweusi kuanzia chini mpaka kifuani mwangu, na weusi huo ulikuwa na manyoya. Pembeni uyoga ulikuwa umeota, wa rangi ya kahawia, laini, unatoa jasho. Kwetu uyoga tunauokota msituni tunaupika na kuufurahia. Huu niliugusa kwa kidole, ukapasuka, nikakimbilia sinki.

Niliuosha ukuta ule kwa siku mbili. Mzungu mmoja mzee, mama aliyeishi juu yetu tu, aliniona nikimwaga maji machafu, akaniletea chupa ya siki na kuniambia hiyo ndiyo dawa. Kumbe kwake pia weusi ulikuwepo. Alivaa makoti mawili ndani ya nyumba kwa sababu hakuweza kulipia joto. Asubuhi moja nilimkuta nyuma ya duka kubwa, ameinama ndani ya pipa la taka hadi kiunoni, akatoka na kuku aliyefungwa kwenye plastiki. Alimnusa, akamtia kwenye mkoba wake. Aliponiona alitabasamu, akaniambia, "Huyu bado mzuri." Sikujua nitazame wapi. Tangu utotoni nilifundishwa kwamba mzungu maskini hayupo.

Baada ya wiki moja weusi ulirudi ukutani.

Kilichonichoma zaidi ni mtoto wa kike wa yaya, mwenye miaka saba. Kila asubuhi, kabla ya shule, alinyoosha mkono wa koti lake mpaka puani pangu, mimi mama yake mdogo.

"Tantine, niko nanuka?"

"Hapana, mama. Uko sawa."

Alikuwa ananuka. Nguo zote za nyumba ile zilinuka ukuta. Shuleni watoto walikuwa wamehamisha viti vyao mbali na chake.

Mwenye nyumba alikuja mwisho wa mwezi. Mwanaume safi, amenyolewa vizuri, anaweka kitambaa puani. Hakukaa. Aliutazama ukuta, kisha akatutazama sisi, akasema kwa Kifaransa cha upole sana, "Shida si nyumba, madame. Ninyi mnapika mno. Mnaanika nguo ndani. Na mko wengi, mnapumua sana."

Yaya akajibu, "Ndiyo, monsieur."

Sikuamini masikio yangu. Tunapumua sana! Nilichukua koti la mtoto kwenye msumari, nikamnyooshea.

"Nusa," nikamwambia.

Akarudi nyuma.

"Nusa, monsieur. Mtoto anavaa hili. Wewe ni mtu mzima, huwezi hata kunusa?"

Alitazama koti kama vile nimemletea panya aliyekufa. Akamwambia yaya, si mimi, kwamba ambaye hapendi nyumba anaweza kuiacha, wanaoitaka wako mlangoni. Akapanda ngazi.

Yaya alinigeukia na macho mekundu. "Weye utarudi Butembo. Batoto bangu balale wapi?"

"Na ile picha ya kiti cheupe? Mama anaionyesha watu wote!"

"Ni nyumba nasafisha. Bosi alikuwa likizo." Alikaa kitandani, mguu wake mbovu umenyooka. "Ulitaka nitume hii? Baba aliuzisha shamba la Mabalako juu ya safari yangu. Nitume uyoga?"

Nilikuwa na hasira naye, na pia na mimi mwenyewe, kwa maana miaka yote ile nilimwonea wivu kwa kitu ambacho hakikuwepo.

Nilirudi baada ya miezi mitatu. Nyumbani walikuwa wamechinja kuku wawili, na baba mdogo alikuwa ametoka Beni na jamaa zake. Mbele ya wote akaniuliza, "Sema basi, mutoto wetu iko namna gani kule?"

Nikasema, "Iko bien, iko muzima. Nyumba yake inang'aa."

Watu walipiga makofi.

Siku tatu nikavumilia. Ya nne nilimkuta mama uani anachambua maharagwe, nikamweleza yote: ngazi, mbwa, ukuta, koti, na maneno ya mwenye nyumba. Hakuinua kichwa. Alipoteza muda mrefu juu ya jiwe moja dogo. Mwishowe akaniomba simu, akampigia yaya. Nilidhani atalia au atamlaani. Mama ni mjane wa fundi mwashi, amejenga nyumba za udongo kwa mikono yake.

Akauliza, "Mutoto wangu, ule ukuta, maji inatoka juu ao inapanda kutoka chini?"

Nikasikia yaya akilia upande wa pili.

"Inapanda kutoka chini, mama."

"Donc, basi, si kupumua kwenu. Ni musingi. Huyo mwenye nyumba anajua. Ende uambie wakubwa ba mji: maji inapanda kutoka chini."

Ilimchukua yaya wiki mbili kupata moyo. Yule bibi wa kuku alimsindikiza, kwa sababu alijua ofisi na mlango wake, na naye akaeleza ya kwake. Watu wa mji walikuja na kifaa cha kupima maji, wakakichomeka ukutani, wakatikisa vichwa. Nyumba ikafungwa. Kwa yaya haikuwa sherehe: walikaa miezi mitano katika chumba kimoja cha kituo cha watu wasio na makao, wakitumia choo pamoja na familia nyingine nne. Bibi alipelekwa kwenye nyumba ya wazee na hatujui zaidi. Mwenye nyumba, yaya anasema, alipaka rangi na kupangisha tena.

Sasa yaya ana vyumba viwili, ghorofa ya nne. Lifti haifanyi kazi, na goti linamuuma, lakini ukuta ni mkavu. Mtoto amepata rafiki wa kukaa naye darasani.

Hapa Butembo, vijana wanakuja kwenye cherehani yangu kuniuliza njia ya Ulaya. Mmoja alitoka Mavivi, familia yake imekimbia vita, shamba halifikiki tena. Nilimweleza juu ya ukuta. Alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Mama, kule ukuta inaoza. Kwetu banauwa watu." Nilichukua karatasi, nikamwandikia njia aliyotaka kuijua.

Na Jumapili, wamama wa kanisa wakiniuliza habari za yaya, bado nasema iko bien. Maneno hayo yakinitoka, nasikia ladha yake mdomoni, na inanichukiza.