Fremu ya Mtu Mzima

Ieleweke tangu mwanzo kwamba suala hili chama cha waendesha baiskeli kilikwisha kulimaliza kwa tangazo. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa stoo, lina mhuri, nalo lilisema kwamba fremu za baiskeli za mbio zitagawiwa kwa kuzingatia umri. Mwanachama aliyetimiza miaka kumi na minane atapewa fremu ya mtu mzima, asiyetimiza atapewa ya mtoto, na kwa utaratibu huo kila mwili utapata baiskeli inayoufaa. Neno "kila" lilipigiwa mstari. Mwenyekiti aliupiga mwenyewe, kwa rula.

Miongoni mwa waliolisoma alikuwa fundi cherehani mmoja, aliyelazimika kuinua kidevu kwa sababu lilibandikwa juu. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, watoto wawili waliokwisha kumpita kimo, na jina la utani, Kibiriti, alilolipata shuleni na ambalo hata mumewe, dereva wa malori, hulitumia anapopiga simu kutoka njiani. Udogo wake haukuwa wa maradhi wala wa kukosa chakula. Alizaliwa hivyo, akakua hivyo, na haukumsumbua sana, isipokuwa pale wauza viatu walipompeleka moja kwa moja kwenye rafu yenye picha za sungura.

Baiskeli aliianza kwa ajili ya kazi. Alikuwa akipelekea wateja nguo zao, furushi limefungwa nyuma, na siku moja akagundua kwamba vijana aliowapita mlimani hawamfikii tena. Wakamtafuta wenyewe, wakamwambia kuna chama. Ndivyo mwanamke ambaye maisha yake yote yalikuwa chaki, mkasi na pasi alivyojikuta, mapema asubuhi, amevaa kaptura ya kubana mbele ya watu.

Siku ya mgawo, fundi wa chama, mtu mwenye grisi hadi kwenye nyusi, alitoa stooni fremu ndogo nyekundu, ya kipimo cha sentimita arobaini na saba, akainyanyua kwa mkono mmoja.

"Kibiriti, yako hii hapa! Hata kengele inayo!"

Uwanja mzima ukavunjika mbavu. Fundi hakuwa ameipima kwa lolote. Alikuwa anatania tu. Lakini utani ulishaharibu kazi, kwani hakuna mama wa watoto wawili ambaye angenyoosha mkono kuipokea baada ya kengele ile.

"Nipe ya watu wazima," alisema Kibiriti. "Ikiwa kubwa nitaipunguza. Kazi yangu mimi ni kupunguza vitu vya watu."

Hapo alisema kama fundi cherehani anavyofikiri. Gauni likiwa kubwa unalitia pini, unalikata, unalishona, mteja anatoka anacheka. Likiwa dogo hakuna kitambaa cha kuongeza, mmeliharibu wote wawili. Kwa hiyo mafundi wote wa duniani wakisita huchagua kubwa. Hakuna aliyemwambia kwamba bomba la chuma halina upindo.

Akapewa hamsini na nne, ya bluu. Ukaguzi wa chama ulikuwa mmoja tu: panda, simama, bomba la juu likiwa katikati ya miguu, na nyayo ziguse chini. Baiskeli za siku hizi bomba hilo huteremka kuelekea kwenye kiti, hata mtu mfupi husimama bila taabu. Visigino vya Kibiriti vikagusa. Katibu akapiga makofi. Umbali kati ya kiti na usukani, yaani ule ambao mwili wenyewe hulazwa juu yake, haukukaguliwa, kwa kuwa haukutajwa kwenye tangazo.

Akaanza kupunguza. Alishusha kiti, magoti yakamlalamikia kwenye ngazi za nyumbani. Akakisogeza mbele hadi kikagoma. Akamwomba fundi ambadilishie shingo ya usukani, amwekee fupi kuliko zote. Fundi akaiweka, na baiskeli ikawa na wasiwasi kama mtu anayedaiwa, ukipiga chafya inahama njia. Na bado vishikio vya breki alivifikia kwa ncha za vidole, viwiko vimenyooka, uzito wote wa mwili umekaa kwenye viganja viwili visivyozidi ukubwa wa sahani ya chai.

Mtu wa kwanza kuliona hilo alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa akiishi nao na kupiga pasi pale kwenye chumba cha kushonea. Siku moja alisimama mlangoni akamtazama anavyoondoka, na Kibiriti aliporudi, wifi alikuwa bado ana la kusema.

"Wifi, hivi unaendesha, au umeanikwa?"

"Wivu huo."

"Wivu wa nini? Kwa nyuma uko kama shati kwenye kamba. Upepo ukija naita majirani."

Kibiriti alicheka. Hakumwambia kwamba kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na jirani yake kidole cha pete, vilikuwa vinakufa ganzi. Mwanzoni ganzi ilikuja baada ya mazoezi na kuondoka akioga. Baadaye ikawa inakaa hadi jioni. Kisha ikawa anaamka nayo. Pini zikaanza kumdondoka. Akalaumu pini, akanunua nyingine. Chaki ikawa inamteleza, akalaumu jasho. Akajikaza kisabuni, kwa kuwa mazoezi yalikuwa yanapamba moto na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya timu, na pia kwa sababu alikuwa anaogopa kumuuliza mtu yeyote swali ambalo jibu lake alishaanza kulijua. Fundi cherehani bila vidole ni mtu mwenye cherehani tu.

Wakati huo alikuwa na kazi ya sare za manesi, nyeupe, vifungo mbele kutoka shingoni hadi magotini. Vifungo hivyo alivishona kwa mkono, kitambaa amekishikilia chini kwa vidole vya kushoto, sindano inashuka na kupanda. Wifi alikuwa akipokea kila sare inayokwisha, anaigeuza ndani nje ili aipige pasi.

"Wifi, hii ina madoa."

"Madoa gani? Nimekitoa kwenye nailoni sasa hivi."

"Haya hapa. Moja, jingine, jingine." Akaiweka sare chini. "Wifi. Hebu mkono wako."

Kibiriti akaugeuza mkono. Kidole kidogo kilikuwa kimechomwa mahali pengi, damu imeshuka hadi kwenye kiganja, naye alikuwa anashona huku akiimba. Ndani ya sare, nyuma ya kila kifungo, palikuwa na nukta nyekundu. Zilikuwa zimepangika vizuri, kazi safi kabisa, na nadhani hilo ndilo lililomtisha wifi zaidi.

"Hukusikia?"

"Sikusikia nini?"

"Usinifanye mimi mtoto. Tangu lini?"

Kibiriti akachukua kifungo kingine.

"Haya, nyamaza. Kaka yangu akirudi akute mke hana vidole, aniulize mimi nilikuwa napiga pasi gani."

Wifi akampeleka hospitali. Daktari alimbonyeza chini ya kiganja, upande wa kidole kidogo, akasema mshipa wa fahamu unagandamizwa hapo. Chochote kinachoegemea mahali hapo kiachwe. Kibiriti akauliza kama ganzi itaondoka. Daktari alisema mishipa ya namna hiyo hurudi polepole, na akaongeza, huku anavua glavu, kwamba mingine hairudi.

Kutoka hospitali walipitia stooni. Ile fremu nyekundu ilikuwa inaning'inia kwenye msumari, hakuna mtoto aliyeitaka, kwa sababu ya kengele. Fundi akaishusha bila utani safari hii, maana aliiona bandeji. Kibiriti akapanda, wifi akamshikia kiti. Viwiko vikakunjika vyenyewe. Vidole vikazunguka breki vikakutana na kidole gumba upande wa pili. Akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu aingie chamani akaona barabara badala ya tairi la mbele.

"Hii ndiyo," alisema Kibiriti, kisha akaigusa ile kengele. Alikuwa amekumbuka kwamba alishapewa.

Katibu aliwapokea vizuri, akawatafutia viti.

"Dada yangu, mimi binafsi sina neno. Lakini utaratibu ni umri."

"Basi badilisheni utaratibu."

"Utaratibu hubadilishwa na mkutano mkuu."

"Mkutano mkuu ni lini?"

"Utakapoitishwa."

"Na vidole vyake navyo visubiri kuitishwa?" aliuliza wifi.

Katibu hakuwa mtu mbaya. Aliutazama ule mkono muda mrefu, akafunga mlango, akateremsha sauti.

"Utaratibu siwezi kuubadilisha. Mwanachama naweza."

Akatoa kadi mpya ya kitengo cha watoto. Kwenye nafasi ya umri akasita.

"Tuandike kumi na saba?"

"Andika kumi na tatu," alisema wifi. "Kumi na saba hawatatuamini."

Kadi ya mtoto ilihitaji saini ya mzazi au mlezi. Wifi alitia saini kwa raha zake zote, kisha akamwambia Kibiriti kuanzia leo awe analala mapema. Kibiriti alicheka hadi machozi yakamtoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Jina lake likafutwa kwenye timu ya watu wazima. Kwenye mbio za watoto hakuruhusiwa pia, baada ya wazazi wawili watatu kuja juu. Akabaki na mazoezi ya asubuhi, kwenye fremu nyekundu, nyuma ya watoto wanaomwita shangazi, ambao naye huwaachia mlima wa mwisho. Si kila siku.

Katika hotuba ya kufunga mwaka, mwenyekiti alieleza kwamba mgawo wa fremu kwa umri umefanikiwa kupita matarajio, kwani hakuna mtu mzima hata mmoja mwenye malalamiko ya kipimo.

Kidole cha pete kilirudi. Kile kidogo bado, na vifungo siku hizi anashona wifi.