Nilimuita Mukwe Wangu ku Meza, Kisha Nikamukana Mbele ya Bazee

Ndugu musomaji, makosa ni yangu. Nasema mapema, juu nikianza na makosa ya wifi yangu utanihurumia bure, na mi huruma sijastahili.

Jina langu sitasema. Hapa mu muji wa Baraka ukisema jina asubuhi, saa sita habari imefika Fizi, jioni imevuka mpaka Ubwari. Ujue tu kama mi ni mama wa batoto tano, nauzisha samaki ku ziwa, na mutoto wangu wa kwanza, tumuite Furaha, alikuwa karibu kuolewa. Alikuwa! Ile neno inaniua.

Mwanaume wake ni mwalimu wa primaire kule Fizi. Kijana mupole. Hata kucheka anachekea chini, sawa mutu anaogopa kuamusha mutoto. Nilimupenda, sikufichi. Nilisema mu roho, huyu Mungu amenipa mutoto mwingine bila kuzaa.

Sasa, karibu na ziwa tuko na resto moja ya Bachina. Bwana na bibi yake, balikuyaka na benzao ba mambo ya zahabu. Benzao bakaenda, bao bakabakia wanapika. Mwanzo batu walisema eti pale wanapikia batu nyoka. Bongo, uongo mutupu! Wanapika mikeke yetu, ile samaki nawauzisha mi mwenyewe asubuhi. Wanaacha samaki muzima, na kichwa na mukia, wanamupika ku muvuke na tangawizi, kisha wanamumwangia mafuta ya moto, inalia chwaaa! Na kaa wa ziwa, ile sisi tunatupa, bao wanamukaanga na pilipili, we unakula mpaka unasahau jina lako. Na bei yake ni ya batu wa kartie, wa mutaa tu. Bamotari ba pikipiki wanakula pale, balimu wanakula pale, na mi muuza samaki nakula pale.

Kila Jumamosi nikimaliza kuuzisha, naenda kwa Madamu. Njo vile tunamuita ule bibi. Siendi peke yangu, naenda na wifi yangu, dada ya mume wangu. Tulikuwa sawa batoto wa tumbo moja. Siri zangu zote alikuwa nazo. Shida ya nyumba, magonjwa yangu, hata mambo ya chumba! Nilikuwa nasema, wifi kama huyu batu wengine wanamuomba Mungu, hawamupate.

Wacha nieleze kintu kimoja kwanza, juu kuna benye kusoma hii barua wako mbali. Mu ukoo wa mume wangu, mama mukwe na mukwe wake hawakule pamoja. Mukikutana njiani, mumoja anapita pembeni. Akiwa anakula, hauangalie mudomo wake. Ni vile mpaka siku mukwe analeta mbuzi na kitambaa cha kikwembe, bazee wanasema maneno yao, munakula bugali ku sahani moja mbele ya batu bote. Kutoka pale inaisha, munakuwa mama na mutoto. Hii siku yetu ilikuwa imebakia juma mbili tu. Juma mbili, ndugu yangu! Mi nilishindwa kungojea juma mbili.

Ile Jumamosi tulikuwa tumekaa ku meza kubwa ya muviringo. Juu yake kuko kioo kinazunguka, unasukuma, chakula kinakufikia. Batu walikuwa bengi, ni kwetu tu kulibakia viti. Mara naona mukwe wangu ku mulango! Alikuwa ametoka Fizi, vumbi mpaka ku kope, na njaa. Akaniona. Pale pale akainamisha kichwa, akarudi inje, akakaa ku banc ya mbao chini ya dirisha. Nikasikia anamuomba Madamu amuletee sahani kule kule inje, ku jua.

Nilitaka kutokea mulango wa jikoni. Nasema kweli, nilikuwa nimekwisha kusimama. Wifi akanishika mukono.

"Unaenda wapi, we? Mikeke inakuya!"

"Wifi, mukwe iko hapa."

"Basi? Bachina wanajua mambo ya bukwe? Juma mbili zinabakia, mambo ni kama imeisha. Ona vile mutoto wa batu iko ku jua sawa mwizi! Muite. We si njo mama yake?"

Nikacheka. Nikaangalia dirisha, nikaona mugongo wake, shati imelowa jasho. Na tena, niseme yote, nilikuwa nataka batu wamuone. Nilikuwa nataka wale bamama wa soko waseme, ona mukwe ya fulani, ona vile anasikilizana na mama mukwe. Majivuno!

Nikamuita. "Mwanangu, kuya hapa."

Akasema bila kugeuka, "Hapana mama, niko muzuri hapa."

Nikamuita tena. "Mama, bado," akanijibu. Ndugu musomaji, ile "bado" yake ninaisikia mpaka leo!

Mara ya tatu nikapandisha sauti, "Mi nakuita na we unanikatalia?" Sasa mukwe gani atabisha hapo? Kukula na mi ni kosa, na kunikatalia mbele ya batu ni kosa. Nilimufunga miguu na mikono. Akaingia. Akakaa pembeni kabisa, macho ku mapaja.

Mikeke ikafika. Wifi akasukuma kioo, samaki akasimama mbele ya mukwe. "Mwalimu, mupatie mama yako, yeye iko mbali." Akashika vile vijiti vya Bachina, akavunja nyama ya mugongo, pale hakuna mifupa, akaweka mu bakuli yangu. Na mi nikakula. Nikakula nikimuangalia na nikicheka! Nikamurudishia kaa mumoja mu sahani yake. Ilikuwa chakula kitamu kupita vyote nimekula mu maisha yangu, na nilikuwa na furaha ya kweli. Wifi alikuwa na telefone mu mukono. Mi nilifikiri iko anasoma mesaje.

Siku ya Jumatatu, kaka mukubwa wa mume wangu akaita bazee. Nafika kule, nakuta mukwe amekaa ku mukeka na baba yake mudogo. Mukubwa akanyoosha telefone. Ilikuwa mi, mudomo wazi, na mukono wa mukwe juu ya bakuli yangu! Picha ilitoka kwa nani? Hakuna mwingine. Ku ile meza tulikuwa watatu.

Nikamuangalia wifi. Hakunikwepa hata kidogo. Nyuma nikakuja kujua kama alikuwa ameahidi rafiki yake, bibi ya mwenye mitumbwi, kwamba Furaha ataolewa na mutoto wao. Yeye njo shangazi, alisema, neno lake litapita. Halikupita. Basi akatafuta njia ingine, na njia yenyewe ilikuwa tumbo langu mi.

Mukubwa akauliza, "Nani aliita mwenzake?"

Mume wangu alikuwa anasaga meno. Na hapo wifi, kwa sauti tamu, ile ya siku zote, akasema, "Wifi, usiogope, sema tu. Si ni yeye alikuya ku meza yetu?"

Nilijua kama ni mutego. Nilijua! Lakini nilikuwa naona aibu mbele ya bazee, naona jicho la mume wangu, nasikia mu kichwa vile batu watasema, mama muzima alifuata samaki mpaka akavunja bukwe. Ule uongo ulikuwa mulango, na mi nikapita.

"Ndiyo," nikasema. "Ni yeye alikuya. Akaweka chakula mu bakuli yangu bila kuomba. Mi nilishangaa tu."

Ee Mungu wangu! Nilisema vile na mudomo ule ule uliomuita mara tatu!

Bazee wakamugeukia. "Mwalimu, ni vile?"

Baba yake mudogo akamusukuma na kiwiko, "Sema!" Na yeye, bila kuinua kichwa, akasema, "Kama mama amesema ni vile, basi ni vile."

Hakunisema. Angenisema neno moja, resto yote ilikuwa mushahidi wake. Lakini kuita mama mukwe muongo mbele ya ukoo wake, yeye aliona haifai. Akakubali kuitwa mutu asiye na adabu, mwalimu anayefundisha batoto ya batu! Baba yake mudogo alisimama, akakunguta suruali, akasema kama wao hawakukuya kutukanwa. Wakaenda. Ndoa ikafia pale.

Nilifika nyumbani nikawambia Furaha ule ule uongo. Akalia siku tatu, akimulaani mwanaume wake. Na mi nilikuwa namupanguza machozi! Unaona roho ya mutu?

Mwezi ulikuwa haujaisha, Furaha akapita kwa Madamu kuchukua kitunga changu cha samaki. Ule bibi hajui mambo yetu. Kwa Kiswahili chake cha kuvunjika akamuuliza, "Mwalimu iko wapi? Mama yako napenda yeye sana. Mama naita: kuya, kuya, kuya! Yeye nasema hapana, hapana. Mama naita tu!" Na akacheka, masikini, juu kwake ilikuwa habari ya furaha.

Furaha alirudi na kitunga mu mukono. Hakupiga kelele. Heri angepiga! Alisema tu, "Mama, yeye alikulinda. We ulilinda nani?"

Ile siku nikaenda kwa bazee, nikapiga magoti, nikasema yote. Wifi alikana mpaka akachoka, nikasema ya kwangu ni ya kwangu, ya kwake Mungu anaona. Mukubwa alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sasa unataka tufanye nini? Tumutume nani Fizi, na atasema na mudomo gani?" Walituma mutu hata vile. Alirudi na jibu: mwalimu ameomba kufundisha mbali, na hana kinyongo na mama. Hana kinyongo na mi! Ningependa anitukane.

Furaha iko kwa mama yangu mudogo, Ubwari. Mitumbwi ikitoka kule nauliza salamu. Wananiambia, iko muzuri. Yeye mwenyewe hajatuma neno.

Wifi tunapitana soko, ananisalimia sawa hakuna kitu. Nilikuwa namuchukia. Namuchukia bado, sitadanganya. Lakini usiku nikihesabu, yeye alipiga picha tu, na picha haikudanganya. Uongo ulitoka kwangu.

Bamama benzangu, siwaambie musikule kwa Bachina. Mukule, chakula iko kitamu. Hata rafiki sitawachagulia, mi mwenyewe nilishindwa kuchagua. Naomba kintu kimoja. Siku bazee watauliza nani aliita mwenzake, na kama ni we uliita, sema ni mi niliita. Bwana asage meno, soko lote licheke juma nzima, sema tu. Watacheka, watachoka. Mutoto wako atabakia wako.